Krimu ya ivamektini kwa vipele vya uso: uzoefu wangu baada ya kupimwa utitiri

Krimu hii imenisaidia, na bado naitumia. Ni ivamektini, dawa ya kuua vimelea, ya asilimia 1 ya kupaka usoni, niliyoandikiwa na daktari wa ngozi hapa Dar. Ila nusu ya sifa naipa kile kipimo kilichotangulia, maana bila hicho hadi leo ningekuwa nanunua tyubu za chunusi.

Kazi yangu ni kupikia watu kwenye shughuli, Tabata, Segerea mpaka Kinyerezi. Moto wa kuni, mvuke wa pilau, halafu jua la saa saba. Mashavu na pua vilikuwa vinachoma, vipele vidogo vya usaha vinaota juu yake. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana, kwa hiyo kila aliyeniona alisema chunusi. Duka moja la dawa wakaniuzia krimu ya mchanganyiko yenye steroidi ndani, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Uso ukatulia, ukalainika, watu wakanisifia. Tyubu ilipoisha vipele vikarudi kwa hasira, vikaenea mpaka kuzunguka mdomo.

Daktari aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Dada, ukipitisha kidole shavuni unahisi nini?" Nikamwambia inakwaruza kama msasa. Akasema sina vile vichwa vyeusi vya chunusi, kwa hiyo anataka kuangalia utitiri. Nilishtuka, maana utitiri ninaoujua mimi ni wa banda la kuku.

Kipimo chenyewe ni hivi. Alidondosha tone la supaglu, ndiyo, ile ile ya kubandika viatu, kwenye kipande cha kioo cha maabara, akakikandamiza shavuni mwangu kwa kama dakika moja, kisha akakibandua taratibu. Hakiumi, kinavuta tu. Gundi inatoka na utando wa juu wa ngozi pamoja na vilivyomo ndani ya vitundu vya vinyweleo. Akaniita nichungulie kwenye hadubini: vidudu virefu, vyembamba, vinapitisha mwanga, miguu minane mifupi imesongamana upande wa mbele na nyuma kote ni mkia. Vingine vilikuwa vimelaliana kwenye kitundu kimoja.

Wanaitwa demodeksi. Mkubwa wao hafiki nusu milimita, na wamejulikana kwa wanasayansi tangu miaka ya 1840. Karibu kila mtu mzima anao, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni uchafu. Wanakaa kwenye vinyweleo na tezi za mafuta, na huishi wiki mbili tatu tu. Kinachoangaliwa ni wingi wao: wakizidi 5 kwenye sentimita moja ya mraba, hapo kuna jambo. Na steroidi, kwa kuwa inalegeza ulinzi wa ngozi, inawaachia wazaliane. Mimi niliambiwa nina rozasia, ugonjwa wa ngozi ya uso unaoleta wekundu, kuchoma na vipele vinavyofanana na chunusi. Wataalamu bado wanabishana kama utitiri ndio unaoanzisha ugonjwa huu au unashamiri kwa sababu ngozi imeshavurugika, lakini ukipunguzwa, wagonjwa wengi hupata nafuu.

Sasa krimu. Unapaka mara moja kwa siku, kiasi cha punje ya njegere kwenye kila eneo: paji la uso, kidevu, pua na kila shavu. Mimi napaka usiku nikishanawa, kwa sababu mchana jikoni jasho lingeiosha. Mwanzoni uso uliwasha kuliko kabla, nikataka kuacha. Daktari alikuwa amenitahadharisha, nikavumilia. Baada ya mwezi hivi, vipele vipya vilianza kupungua. Si dawa ya haraka. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2015, wagonjwa 962 walipakwa ama krimu hii ama metronidazo ya kupaka, dawa nyingine ya rozasia, kwa wiki 16: vipele vilipungua kwa asilimia 83 kwa waliotumia ivamektini, na karibu asilimia 74 kwa wale wengine. Kwa hiyo mwenye metronidazo asiitupe, nayo inafanya kazi.

Haing'arishi uso wala haifuti madoa meusi yaliyobaki. Na joto la jiko bado linanichokoza. Kwa hilo navaa kofia pana, napaka mafuta ya kuzuia jua, na kukaanga nimemwachia msaidizi wangu.

Bei inauma, na si kila duka linayo. Mimi huagiza mapema. Hapo ndipo watu wanapoanza ubunifu, na hili linanitia hofu kweli. Ivamektini Watanzania tunaijua kwa vile vidonge vya kampeni ya matende na mabusha, na pia ipo kwenye maduka ya dawa za mifugo. Nimeshasikia mtu akishauriwa achukue ya ng'ombe apake usoni. Jamani, hapana. Ile imetengenezwa kwa vipimo na viambato vya mnyama, na kidonge kilichosagwa ndani ya mafuta ya mgando hakigeuki kuwa krimu hii.

Kilichobaki kwangu ni macho. Asubuhi kope zinawasha, na kwenye mashina yake kuna vigamba vyeupe vilivyozungushia unywele. Daktari anasema ni utitiri huo huo, ila krimu hii haitakiwi kugusa jicho. Ameniandikia dawa ya kusafishia kope, nami ndiyo kwanza nimeianza.