Gereji ya rangi yenye oveni Tabata: milango safi kabisa, bampa nina neno

Gari nimeichukua wiki 3 zilizopita na makusudi sijaandika mapema, maana rangi mpya siku ya kwanza zote zinang'aa, hata ile niliyopigiwa mwaka jana na jamaa wa chini ya mwembe ilitoka inameremeta mpaka nikamuongezea ya soda, miezi minne mbele kliya, ile tabaka ya juu isiyo na rangi, ikaanza kubanduka vipande. Jina la hii gereji siweki kwa sababu kuna kitu bado tunavutana.

Gari yenyewe Vitz ya 2008, silva, code ya rangi 1F7, Toyota kibao hapa mjini zinayo. Boda alinipitia kwenye foleni Buguruni akalamba milango miwili ya kushoto na kona ya bampa la nyuma, hata hakusimama.

Sasa wenye gari za silva wanajua shida yetu. Nyeupe ya kawaida fundi akikosea kidogo inasameheka, ila silva ina vile vichembe vya aluminiamu ndani na vinalala kutokana na jinsi mtu alivyoshika bunduki ya kupulizia rangi, akisogea karibu rangi ikaloa sana inatoka ya giza, akipiga kwa mbali ikatua kavu inatoka nyeupe, presha ikipanda ikishuka unapata mabaka kama mawingu. Kopo moja, fundi yuleyule, na bado mlango wa mbele na wa nyuma vinakuwa kama vimetoka gari mbili. Ndo maana sikuanza na bei, niliuliza mnapiga kwanza kipande cha majaribio au mnapiga moja kwa moja?

Hapo walinishika. Dada anayechanganya rangi akapiga kipande kidogo cha bati, akakitia na kliya juu, kikakauka, akatoka nacho nje juani akakiweka ubavuni mwa gari. "Kaka usiangalie kwa mbele tu, pita huku pembeni." Kwa mbele ilikuwa sawa, kwa pembeni nyeupe mno! Akarudi ndani, mara ya tatu ndo ikakubali. Code inakupa pa kuanzia tu, gari imekula jua miaka yote hii haiwezi kufanana na kopo.

Kilichonifurahisha zaidi ni kazi ya msasa, yaani siku mbili nzima hakuna hata tone la rangi lililoguswa. Puti ikasuguliwa, praima ikapigwa, halafu wakapuliza rangi nyeusi nyepesi kama vumbi juu yake na kuanza kusugua kwa maji kwa ubao uliolala, msasa namba 600. Nyeusi ikiisha yote bati limenyooka, ikibaki doa ujue pana bonde, wanarudia. Jamaa wa mwembe alikuwa anasugua kwa kiganja, nikakumbuka ule mlango ulivyokuwa unaonyesha mawimbi kila nikipita chini ya taa za barabarani.

Oveni yenyewe, chumba cha kukaushia rangi kwa joto, sina mengi, nyuzi 60 kama nusu saa, vumbi hamna. Nilichokiangalia mimi ni kompresa, wana chujio la maji kwenye laini na wanalimwaga asubuhi kabla ya kuanza, kwa unyevu wa Dar bila hivyo unapuliza maji pamoja na rangi. Na silva hawakuikata pale mlango unapoishia, waliivuta ikafifia mpaka kwenye fenda ya nyuma halafu kliya ikapigwa fenda nzima. Mpaka leo natafuta wapi imeanzia siioni, na mke wangu mwenye jicho la kukosoa kila kitu naye hajaona.

Haya, bampa. Nililipokea jioni taa zimewaka nikasaini, kosa langu. Kesho yake saa 11 jioni jua limelala nikaona kona ya chini ina ganda la chungwa, yaani rangi imekaa na vinundu kama ngozi ya chungwa, na vishimo vidogo vya duara kama macho ya samaki, vinne. Nikarudi. Ganda la chungwa walilisugua kwa msasa wa 2000 wakapiga bafa likaisha, vishimo haviendi kwa bafa, mpaka rangi irudiwe. Wanasema ni silikoni, na kweli vijana wa kaoshi wanaoniosha gari huwa wananipakia ile polishi ya tairi yenye silikoni mpaka kwenye bampa likae jeusi linang'ae, sijawahi kuwakataza. Sawa, ila kulifuta na kuondoa mafuta kabla ya kupiga ni kazi yao sio yangu, milango mbona waliifuta? Nadhani bampa alipewa kijana, kwa sababu ile kazi haifanani na mkono uliopiga milango. Wanataka elfu 40 ya vifaa kurudia, mimi sitoi hata mia.

Bei laki 4 na nusu kwa vipande vyote vitatu, kwa mwembe ingekuwa laki mbili na kitu. Waliahidi siku 4 zikawa 7. Milango nawapa 9 kwa 10, bampa 5, na kama una silva au rangi ya lulu ningekwambia nenda, ila kabidhiwa gari mchana na ulizunguke umechuchumaa.

Jumanne napeleka bampa tena. Vijana wa kaoshi nimeshawaambia tairi ni tairi.