Mkanda wa kubebea vifaa porini: utikise kwanza, ndipo ulipe

Malalamiko ninayoletewa kuhusu mikanda ya kubebea vifaa yamefanana mno. "Asubuhi niliukaza vizuri, mchana ala ya kisu inanigonga pajani." "Nikichuchumaa mara mbili tatu, chupa imeshuka." Kila mlalamikaji ana wake wa kumlaumu: uzito, suruali, hata kiuno alichojaliwa na Mungu. Hakuna anayeilaumu bizimu, kile kichuma au plastiki ya mbele, na mara nyingi mchawi ni huyo huyo.

Habari za rangi na urembo muulize muuzaji, anazipenda. Uimara wa utepe nao hauninyimi usingizi, maana nailoni nene ya upana wa milimita 38 au 45 haitakatika kwa sababu ya panga, tochi na lita moja ya maji. Ninachokifuatilia mimi ni kuteleza.

Mikanda mingi ya utepe haina matundu. Kinachoushika ni msuguano peke yake: utepe unapita chini ya kijiti cha bizimu, unakizunguka na kurudi ulikotoka, na mvuto wa mkanda ndio unaoubana. Ukisimama wima, mambo shwari. Ukiinama au kuketi, tumbo linaisukuma bizimu na kuilaza kwa pembe, na pembe hiyo ndiyo ile ile unayoitumia kwa makusudi unapotaka kuulegeza mkanda. Basi kila ukifunga kamba za viatu, utepe unapata upenyo wa kuachia milimita chache, na mzigo unaorukaruka kwa kila hatua unamalizia kazi. Mvua ikinyesha ni balaa juu ya balaa, kwa kuwa nailoni hunywa maji na kurefuka kidogo. Poliesta haina sana tabia hiyo, lakini utepe wowote mlaini unaong'aa, uwe wa nini, utateleza.

Kwa hiyo ukiwa dukani fanya hivi. Ufunge mkanda, tundika chupa ya maji iliyojaa, bana kibanio cha nguo pale utepe unapoingia kwenye bizimu, kisha chuchumaa, inuka, ruka, keti, tena na tena, bila kuona haya. Utazame umbali uliojitokeza kati ya kibanio na bizimu. Umenunua mtandaoni? Jaribu sebuleni kabla hujakata lebo, maana ukishaikata hawapokei tena.

Sasa mikanda yenyewe, niipange kwa kutoteleza. Nafasi ya kwanza, na wala sijifanyi sina upande: Instructor Belt ya Wilderness Tactical, kampuni ya Marekani. Nina upendeleo nayo na sababu ni moja. Utepe unapita kwenye pete ya chuma mbele, unarudi nyuma juu yake wenyewe, na kunaswa na velkro ndefu, zile tepe mbili za vindoano na manyoya zinazong'ang'aniana. Velkro ukiibandua kutoka ncha huachia upesi, lakini ukiivuta kwa ubapa wake ni ngumu mno, na mkanda uliokazwa huivuta kwa ubapa. Isitoshe, kwa kuwa utepe umezunguka pete, mvuto umegawanyika pande mbili na velkro inabeba karibu nusu tu. Tumbo lisukume litakavyo, hakuna kijiti cha kulazwa. Chukua ule wenye mistari mitano ya mishono, ni mkakamavu zaidi na haujikunji nje kisu kinapouvuta. Kasoro ipo: velkro iliyojaa matope na nyuzi za nyasi hupoteza meno. Isugue kwa mswaki wa zamani, nayo itarudi.

Nafasi ya pili ni mikanda pacha. Wa ndani mwembamba unapita kwenye vitanzi vya suruali, wa nje mpana unabandikwa juu yake kwa velkro mzunguko mzima, na huo wa nje ndio wenye safu za utepe wa milimita 25 za kufungia vipochi. Haushuki, kwa sababu hata bizimu ya nje ikilegea, velkro bado imeshika kiuno kizima. Mbona basi si wa kwanza? Joto. Na ukivaa begi la mgongoni lenye mkanda wake wa nyonga, utakuwa na tabaka tatu zinazogombania mfupa mmoja. Kwa asiyebeba begi, ningeutanguliza.

Tatu, mikanda yenye bizimu ya Cobra inayotengenezwa na AustriAlpin ya Austria. Ni kitu kizuri kukiona na kukisikia kikifunga, na haifunguki ikiwa imevutwa. Ila watu husahau kwamba kufunguka ni jambo moja na kuteleza ni lingine: upande wa kurekebishia bado unategemea msuguano, kwa hiyo jaribio la kibanio halikwepeki. Tena bizimu yenyewe ni pana, katika mikanda mingi haipiti kwenye vitanzi vya suruali mpaka uichomoe kwanza.

Mikanda ya kale ya jeshi la Marekani, kama ule wa M-1956 wenye safu tatu za matundu, inateleza kuliko yote? Hapana, haitelezi kabisa! Ndoano ya ncha inaingia kwenye tundu, na tundu halina mjadala. Ukiupata haujaoza, nunua.

Ya bei rahisi, yenye bizimu ya plastiki: ya kufungia suruali. Inayovutika kama mpira ni hivyo hivyo.

Na wauzaji hawa, jamani. Anakuandikia kilonewtoni, kipimo cha nguvu ya kuvuta, kwa herufi kubwa, wakati kilonewtoni moja tu ni sawa na kuning'iniza kilo mia moja. Nani anabeba kilo mia moja kiunoni? Uwezo wa kutokatika wanautangaza, uwezo wa kutoteleza hawaugusi, kwa sababu hakuna aliyewauliza. Mkanda ule ule ukitiwa madoadoa ya kijeshi bei inapanda, kana kwamba rangi inabeba chupa. Halafu kuna wanaopiga picha bizimu halisi ya Cobra na kukutumia ya kuigiza. Ya kweli ina jina la AustriAlpin lililochongwa juu yake, na wewe una haki ya kudai picha ya karibu kabla hujatoa senti. Wanaoandika "saizi moja kwa wote" ndio wanaoniudhi zaidi. Mwembamba anabaki na mkia wa utepe unaofika gotini, mnene anabaki na mkia mfupi usioweza kurudishwa. Pima kiuno kwa kamba juu ya nguo zako za porini, usisome lebo ya suruali.

Mkia huo una kazi, ndiyo maana nausema. Kama tayari una mkanda unaoteleza na huna pesa ya mwingine, chukua ncha uipitishe tena kwenye bizimu, chini ya kile kijiti, kwa mara ya pili, kisha vuta. Kuufungua kutakuchukua muda zaidi. Kushuka, sidhani kama utashuka.