"Bwana yako yuko wapi?": bela kuukuu, duka la spea na nyasi zangu

Nimekaa na hasira hii tangu msimu wa nyasi nikidhani itapoa. Haijapoa.

Nafunga nyasi peke yangu. Trekta ni Massey Ferguson 135, ya zile zilizoanza kutoka kiwandani mwaka 1964, na bela ninayoivuta, ile mashine ya kufunga nyasi kuwa marobota, nadhani ni rika lake. Nyasi yangu ya Boma Rhodes huku Moiben ilikuwa imekatwa, imegeuzwa, imekauka hadi ukiisokota mkononi inalia, na mawingu yameanza kujaa upande wa Cherangani. Mwenye ng'ombe anajua maana yake. Nyasi kavu ikinyeshewa ikiwa imelala chini, ng'ombe anainusa tu na kugeuza kichwa.

Marobota matatu ya kwanza yalitoka mazuri. La nne likafumuka hapohapo chini: kamba ya kulia imefunga, ya kushoto imeachia. La tano vilevile. Kila mara nazima trekta, na nikisema kuzima ni kuzima kabisa, kwa sababu ukiwa peke yako na shafti ya kuendesha bela inazunguka, nguo ikinaswa hakuna wa kukimbilia ufunguo. Nashuka, naangalia, nakusanya nyasi iliyomwagika kwa uma, nairudisha kwenye mstari, napanda tena. Nikaona siwezi. Nikafungua kile kidude kinachopiga fundo, kile chenye mdomo kama wa ndege, nikakifunga kwa kitambaa na kwenda mjini kwenye duka la spea ambalo jina lake sitalitaja.

Kijana wa kaunta hakukitazama. Aliniuliza, "Mama, bwana yako yuko wapi? Aje tuongee naye."

Nikamwambia mume wangu tulishamzika, mashine ni yangu.

Hakusema pole. Kwetu hata mtoto mdogo husema pole! Akamgeukia mwanamume aliyeingia nyuma yangu, akamhudumia mpaka akamaliza, ndipo akarudi kwangu: "Hiyo bela ni chuma chakavu. Ni mambo ya zamani. Wapelekee wanaonunua kwa kilo."

Mambo ya zamani? Namna hiyo ya kufunga fundo ilibuniwa na Mmarekani, John Appleby, miaka ya 1870, kwa mashine za kufunga ngano. Bela mpya zilizopangwa nje ya duka lake, zenye rangi inayong'aa, zinafunga fundo kwa mdomo uleule wa ndege. Anauza kitu asichokijua, halafu ananidharau mimi ninayekijua.

Nilikuwa na haraka, kwa hiyo nikanunua mdomo mpya alionipa, kwa pesa ambazo ningepata kwa marobota ishirini. Nyumbani ukakataa kuingia, tundu lake ni dogo. Kesho yake nikarudi. Alinyoosha kidole ukutani, kwenye karatasi iliyoandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Hakufungua hata kinywa.

Siku mbili zikapotea, na kipande cha chini cha shamba kikanyeshewa.

Jioni ile nikakaa na kitabu cha bela, kilichojaa alama za vidole vya mume wangu vyenye grisi, nikakielewa. Mvua zote bela ilikuwa imesimama chini ya mabati yanayovuja. Mdomo ulishika kutu, kwa hiyo fundo likishafungwa haliwezi kuteleza litoke. Tena kisu kilikuwa butu, kinaivuta kamba badala ya kuikata. Nikachukua msasa na ile tupa ya kunolea jembe, nikasugua mpaka ukucha wangu ukateleza juu ya chuma, nikatia tone la oili. Asubuhi robota la kwanza likatoka limekaza pande zote mbili. Nililishika kamba nikalinyanyua, nikalia.

Nilitaka kuwaambia msinunue bela ya zamani. Nafuta hilo. Nunueni, mradi mko tayari kukijua kile kidude cha fundo kama mnavyojua matiti ya ng'ombe wenu. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake nasita kidogo, kwa sababu kupanda na kushuka kunamaliza magoti, na kubeba marobota hadi ghalani jioni ni kazi ya watu watatu. Lakini nimeifanya, na ghala limejaa.

Kuhusu duka, msiende. Ila kamba ya katani niliyonunua palepale siku ya kwanza haijakatika hata mara moja, na hapa mjini sijaona mwingine anayeiuza. Wengine wote wana ya plastiki, na siitaki. Ng'ombe wa jirani alipokufa walimkuta na bonge la kamba hizo tumboni. Kwa hiyo kamba nitairudia kwake. Nikienda nitabeba na ule mdomo mpya uliokataa kuingia, nimeurudisha ndani ya pakiti yake. Nataka pesa zangu.