Mimea ya kufukuza mbu: kivumbasi, mchaichai, au huu wa bei mbaya?

Habari zenu wapendwa, karibuni. Leo mezani nina vyungu vitatu: kivumbasi, mchaichai, na huu hapa wenye majani yaliyochanikachanika, jeraniamu inayonukia limau. Wauza maua wengi hapa Dar wanaunadi kama "mmea wa mbu", na bei yake imechangamka.

Naanza na huo huo wa bei. Ni mzuri kwa macho, sibishi. Lakini watafiti wa Marekani na Kanada waliujaribu miaka ya 1990, na mbu waliendelea kuuma watu waliokaa karibu nao kama kawaida. Wengine walitua na kupumzika juu ya majani yake! Kama unataka ua, nunua. Kama unataka kinga, hela yako iache mfukoni.

Sasa angalieni hapa, nasogeza kamera. Hili ni jani la kivumbasi. Nikilinusa hivi hivi, harufu ni kidogo. Nalisugua kwa vidole... haya, chumba kizima kinanukia. Mafuta yamefungiwa ndani ya jani, na mpaka liguswe, lipondwe au lipate joto, hayatoki ya kutosha. Mbu anatufuata kwa hewa tunayotoa tukipumua, joto la mwili na jasho. Harufu kali ndiyo inayomvuruga. Kwa hiyo chungu kilichotulia pembeni ya dirisha kinafanya kazi ndogo.

Ndogo, lakini ipo. Kule Mbita, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, watafiti waliweka vyungu vya mimea hai kwenye vibanda vya majaribio. Mrehani wa porini, ndugu wa kivumbasi, ulipunguza mbu wa malaria kwa karibu asilimia 40. Majani mabichi ya kivumbasi yalipopashwa moto juu ya bati kwenye jiko la mkaa, bila kuungua, yalifukuza takriban nusu. Bibi zetu walikuwa wanajua walichofanya. Ila tafadhalini sana, jiko la mkaa usilale nalo ndani, hewa yake inaua. Fukiza jioni, milango ikiwa wazi, kisha litoe nje.

Mchaichai mimi naupenda kwa chai. Mafuta ya sitronela, yale ya kufukuza mbu yanayouzwa madukani, yanatoka kwa nyasi za jamii yake, na hata hayo harufu yake haikai muda mrefu. Panda, lakini usiutegemee.

Na jambo linaloniumiza zaidi ni hiki kisahani chini ya chungu. Kina maji, mnaona? Mbu wa dengi anapenda maji kama haya, na kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja tu. Dar tuliugua dengi 2014, tukaugua tena 2019. Mbu huyu anauma mchana, wakati hata chandarua hujashusha. Mwaga maji, sugua kisahani, mayai yanaganda pembeni. Au jaza mchanga.

Usiku, chandarua chenye dawa kibaki pale pale, hasa kwa watoto na wajawazito.

Chaguo langu ni kivumbasi. Omba tawi kwa jirani, lichomeke ardhini penye jua, mwagilia. Ukilazimika kununua, sugua jani kabla hujatoa hela. Lisiponukia mkononi, mrudishie muuzaji.