Leza ya kwanza kwa bajeti ndogo: kichwa cha milimita 6, bodi ya KY-008 au diodi tupu?

Bidhaa tatu ndizo anazokutana nazo mtu anayetafuta vifaa vya leza yake ya kwanza bila kuvunja kibubu, iwe kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki ya Luthuli Avenue jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam au mtandaoni. Ya kwanza ni kichwa cha shaba cha milimita 6 chenye nyaya mbili, nyekundu na buluu. Ya pili ni bodi ndogo ya KY-008 yenye pini tatu. Ya tatu ni diodi tupu, yaani kipuri chenyewe kinachotoa mwanga wa leza, inayouzwa na nyumba yake ya milimita 12, lenzi na springi. Zote huandikwa nanomita 650, yaani mwanga mwekundu, na nguvu ya miliwati 5. Anayetaka mwanga uwake leo achukue kichwa cha shaba. Anayetaka kujua leza inavyofanya kazi achukue diodi tupu. KY-008 haina cha kuongeza, kwa sababu mara nyingi ni kichwa kilekile kilichobandikwa kwenye bodi.

Kichwa cha milimita 6 ndicho cha bei ya chini kuliko vyote: mtandaoni kimoja hakifiki dola 1 kabla ya usafirishaji. Nyuma yake kuna kibao kidogo chenye rezista moja, kipuri kinachozuia mkondo usizidi, na hiyo rezista ndiyo "kidhibiti" chote ulichonunua. Ikiwa imeandikwa 910, isome kama ohmu 91, si 910, maana tarakimu ya mwisho huhesabu sifuri. Hesabu yake ni fupi. Diodi nyekundu hula takriban volti 2.2, kwa hiyo kwenye volti 5 zinabaki 2.8, na 2.8 ukigawanya kwa 91 unapata miliampea 31 hivi. Diodi za aina hii huridhika na miliampea 25 hadi 35. Hapo sawa.

Shida huanza volti zikibadilika. Betri moja ya lithiamu ya simu, yenye volti 3.7 hadi 4.2, hutoa miliampea 16 hadi 22, na leza hufifia kwa sababu mkondo uko karibu na kizingiti ambacho chini yake diodi hutoa mwanga kama wa LED tu. Pini ya bodi ya kuprogramu ya ESP32 yenye volti 3.3 hutoa miliampea 12, ndiyo maana wengi hudhani wameuziwa kichwa kibovu. Upande wa pili, betri ya volti 9 husukuma miliampea 75. Kichwa kitang'aa kwa fahari muda mfupi, kisha hutakiona tena. Betri tatu za AA zinafaa vizuri, na chaja ya simu ya volti 5 inafaa zaidi. Powerbanki nyingi hazifai: zikiona mzigo wa miliampea 30 huhesabu hakuna kitu kilichochomekwa, zikajizima.

KY-008 ina mtego wake. Pini zake ni S, ya kati, na ile yenye alama ya hasi. Mtu huona pini ya kati akaipa volti 5, kama afanyavyo kwenye bodi nyingine za mfululizo huo. Kwenye bodi nyingi pini hiyo hupitia rezista ya kilo-ohmu 10, hivyo leza haiwaki au hutoa wekundu hafifu. Volti 5 ziingie S. Ukitumia bodi ya kuprogramu ya Arduino Uno, usiitegemeze leza kwenye pini ya bodi. Weka transista ya 2N2222, inayofanya kazi kama swichi, yenye rezista ya kilo-ohmu 1 kwenye besi, leza ikae upande wa kolekta, kwa kuwa mkondo unaoshauriwa kwa pini ya Uno ni miliampea 20. Alama yangu kwa KY-008 ni 2 kati ya 5, na hizo mbili ni za pini zake, zinazoingia moja kwa moja kwenye ubao wa majaribio bila kulehemu.

Sasa diodi tupu, ambayo ndiyo sababu ya kuandika haya. Haina rezista wala kinga yoyote: kopo la milimita 5.6 na miguu mitatu tu. Kuipa volti zisizobadilika moja kwa moja bila rezista ni kuiua, kwa sababu diodi ikipata joto volti zake hushuka, mkondo unapanda, joto linazidi, mpaka uso wa fuwele unaotoa mwanga unaungua. Inahitaji mkondo usiobadilika, na LM317, chipu ya kudhibiti umeme yenye miguu mitatu, inatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Vipuri: LM317 moja, rezista za ohmu 56, 47 na 39 za robo wati, kapasita ya mikrofaradi 10, diodi nne za 1N4007, rezista ya ohmu 1, swichi na betri ya volti 9. LM317 ukiitazama upande wenye maandishi, mguu wa kushoto ni ADJ, wa kati OUT, wa kulia IN. Chanya ya betri iende IN. Rezista itoke OUT hadi ADJ, na chanya ya leza iunganishwe ADJ, siyo OUT. Hasi ya leza irudi kwenye betri. Kapasita isimame sambamba na leza, na 1N4007 moja ikae sambamba nayo lakini ikitazama nyuma, ili umeme uliogeuzwa upitie humo. Mkondo ni 1.25 ugawanywe kwa ohmu: 56 hutoa miliampea 22, 47 hutoa 27, 39 hutoa 32. Anza na 56, kisha 47. Kwenye 39 usiende bila karatasi ya takwimu (datasheet) ya diodi yako.

Kabla ya kuiweka leza, weka mzigo wa kujaribia: 1N4007 tatu kwa mfululizo pamoja na rezista ya ohmu 1. Hizo tatu hula volti karibu sawa na leza, na kila milivolti 1 utakayoipima kwenye rezista ni miliampea 1. Ukiwa na rezista ya ohmu 47, mita ikionyesha milivolti 27, kidhibiti kiko sawa.

Makosa yanayoua diodi hapa hayana uhusiano na ubora wake. Swichi ikiwekwa kati ya kidhibiti na leza, kapasita hujaa karibu volti 9 ikiwa wazi, na ukiibonyeza yote humiminika ndani ya leza. Swichi ikae upande wa betri. Kwa sababu hiyohiyo, baada ya majaribio gusanisha miguu ya kapasita kwanza, ndipo uunganishe leza. Chanzo cha volti 5 hakitoshi, maana LM317 yenyewe, rezista na leza vinahitaji jumla ya volti 6 hivi. Bati la mgongoni mwa LM317 limeunganishwa na OUT, na kopo la leza nalo kwa diodi nyingi limeunganishwa na mguu mmojawapo, mara chanya, mara hasi kutegemea aina. Nyumba ya shaba ikigusa lile bati, ni shoti. Wakati wa kulehemu, funga miguu yote pamoja kwa uzi mwembamba wa waya ili umeme tuli usiingie, na usishikilie solda kwenye mguu zaidi ya sekunde 3.

Diodi iliyoungua hutambulika kwa urahisi: bado inawaka nyekundu, lakini nukta haikazi hata ukizungusha lenzi namna gani. Imekuwa LED ya bei mbaya.

Nyumba ya milimita 12 inashinda kwa lenzi. Hesi zake ni ndefu, springi huizuia isilegee, na nukta hukaa ulipoiacha. Lenzi ya plastiki ya kichwa cha milimita 6 hucheza, na mara nyingine hufika imegandishwa kwa gundi. Nukta ya umbo la yai au mstari mfupi si kasoro ya kumrudishia muuzaji: mwanga wa diodi hizi hutawanyika zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Nyumba na diodi: 4 kati ya 5, moja nimeikata kwa sababu wauzaji wengi hawatoi karatasi ya takwimu. Kichwa cha milimita 6: 3 na nusu.

Diodi za mashine za kuandikia DVD zilizokufa hazimo kwenye ushindani huu, ingawa fundi anaweza kukupa bure. Nyekundu yake hupita miliwati 100, na ya kuandikia CD ni infraredi isiyoonekana. Miwani halisi ya kujikinga na nguvu hiyo ni ghali kuliko mradi mzima. Hata lebo ya miliwati 5 isiaminiwe kibubusa: taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilipopima leza 122 za mkononi, matokeo yaliyotangazwa 2013 yalionyesha kuwa karibu asilimia 44 ya nyekundu na 90 ya kijani hazikutimiza kanuni za usalama. Kupima ni rahisi: elekeza nukta yote kwenye fotodiodi ya BPW34, kipuri kinachogeuza mwanga kuwa mkondo, iliyounganishwa na mita kwenye miliampea. Kwa mwanga mwekundu hutoa takriban ampea 0.4 kwa kila wati, hivyo miliwati 5 ni kama miliampea 2. Ikisoma 4, ongeza ohmu za rezista yako. Kwenye kichwa cha milimita 6 fanya hivyo kwa kuongeza rezista ya ohmu 22 kwenye waya mwekundu, kisha upime tena.