Mashine ya nyundo ya kusagia jasi: miaka miwili nayo, hayo ndo yangu

Watu wamenichosha kuniuliza pale Fuoni, hapa Unguja, nasagia nini jasi yangu (jipsamu hiyo), basi leo naandika mara moja nipumue. Kwa asojua, mie natengeneza konisi na maua ya dari. Mwanzo nikinunua unga wa jipsamu wa mifuko kutoka Dar, na masika yakiingia tu unafungua mfuko unakuta mabonge, unakoroga haushiki, pesa imeshakwenda. Nkaona bora nilete mawe mwenyewe, jasi ya Makanya kule Same, ishuke Tanga ivuke na jahazi, nisage na kupika hapa hapa.

Sasa mashine gani. Muuzaji mmoja wa mashine za Kichina akanirushia video ya mashine iitwayo Raymond, ile ya rola zinazozunguka na kubana mawe kwenye pete ya chuma, ina feni kubwa la kupeperusha unga, unga unasagika meshi 80 hadi 400 upendavyo (meshi ni idadi ya matundu ya chekeche kwa inchi, ikizidi unga laini zaidi), wallahi nzuri, lakini imesimama kama minara ya simu. Nkamuuliza yakhe na msingi wake? Akanambia zege tu. Zege tu! Karakana yangu yenyewe ya bati. Ile mwachie mwenye kiwanda anaetaka tani kwa saa.

Ya pili ni ball mill, pipa la chuma lina mipira ya chuma ndani linazunguka. Inasaga laini khasa, hilo silikatai. Ila jasi jiwe laini mno, kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, kinachoanzia 1 hadi 10, ni 2, ukucha wako unalikwaruza, sasa hapo umeme wote unaulipa kunyanyua mipira na kuiangusha, jiwe lenyewe halina hata haja ya kipigo hicho. Na kelele zake majirani hawatokusamehe.

Nkaishia kwenye hammer mill, ndo hiyo mashine ya nyundo, vyuma vinazunguka ndani vinapiga jiwe, ndugu yake na mashine ya kusaga mahindi, nkachongesha kwa fundi mmoja hapa mjini. Mota hospawa 10, fezi tatu (kama huna fezi tatu kwako anzia hapo kwanza kabla hujaota mashine), mikanda miwili, na chekeche tatu za kubadilisha, ya mwisho ina matundu ya milimita 0.8. Mawe unayavunja kwa nyundo ya mkono mpaka kiasi cha popoo halafu unatia kidogo kidogo. Kwa konisi unga wake unatosha kabisa. Kwa skimu ya ukuta, ile ya kulainishia ukuta, bado, hapo nachekecha tena kwa waya wa meshi 100, na yanayobaki juu yanarudi mashineni.

Kitu ambacho hakuna muuzaji atakwambia ni maji. Jasi safi kilo 100, kama kilo 21 humo ni maji yaliyofungwa ndani ya jiwe lenyewe, ndo maana nasema tunalipa nauli ya jahazi kubeba maji, na ukilipika joto la digrii 150 hivi robo tatu ya maji hayo inaondoka ndo unapata unga unaoganda. Hayo mazuri. Mabaya ni ya nje, ya mvua na unyevu wa huku kwetu. Jiwe bichi likiloa kidogo tu chekeche inaziba, unga unakuwa kama udongo wa mfinyanzi, mota inaguna. Naanika mawe juani siku mbili tatu juu ya turubali kabla sijasaga, mawingu yakitanda nafunga kazi. Na ukisaga mfululizo ukashika unga ukahisi wa moto, pumzisha mashine, maana joto lile lile linaanza kuunyang'anya maji yake na utapata unga nusu mbichi nusu umeiva.

Na kuchanganya mbichi na iliyoiva ndo kosa nililolifanya mie. Asubuhi nimesaga mawe mabichi, mchana nkapitisha ile niloipika ili nivunje mabonge, mashine sikuisafisha, nkaona vumbi lililobaki si kitu. Kijana wangu akakoroga ndoo, akamwaga fomu (kalibu) ya kwanza, anageukia ya pili akaita, "Ami, mbona imenigandia?" Nakuja naona mti wa kukorogea umesimama wenyewe katikati ya ndoo. Siku zote tuna dakika kumi za kumwaga kwa raha, siku ile hata tatu hazikufika. Kumbe unga mbichi wa jasi ukiingia kwenye uliopikwa ni kama mbegu, kila kichembe kinaitia haraka ya kuganda, sawa na ndoo isooshwa vizuri. Toka siku ile nafungua chekeche na kupiga brashi kila nikibadilisha.

Na hapo ndo lawama yangu kwa fundi ilipo, mlango wa chekeche kaufunga kwa nati nane! Nane, kwa kitu kinachofunguliwa mara mbili kwa siku. Ukichongesha mwambie atie bawaba na kishikio. Mwambie pia atie mdomo mrefu wa kutokea unga, mie nimeufunga mfuko mrefu wa amerikani pumzi itoke unga ubaki, kabla ya hapo nguo za jirani alizoanika zilikuwa nyeupe zote na nlipata maneno yangu. Na barakoa muhimu, ile ya vumbi si kitambaa cha kichwa.

Nyundo zake zinalika kuliko nilivyotegemea, si jasi inayozila, ni mchanga ulioganda na mawe. Zina tundu pande zote mbili, upande mmoja ukichakaa nageuza. Seti ya kwanza nishaimaliza pande zote, ya pili nimeigeuza mwezi uliopita.

Kwa karakana ya watu watatu wanne kama yangu ningeinunua tena, mlango tu ndo ningeubadilisha. Beringi ya upande wa mota imeanza kupiga mluzi, J'mosi naishusha.