Kinyozi wa nyuma ya Soko la Chifu Kingalu, kwa wenye mabinti wanaotakiwa kunyoa

Kibanda hakina jina. Mlangoni pamechorwa mashine ya kunyolea kwa rangi nyeusi, chini yake maneno mawili: "Tunanyoa wote." Kipo kwenye uchochoro wa nyuma ya Soko Kuu la Chifu Kingalu, hapa Morogoro mjini, kati ya fundi cherehani na muuza vipuri vya baiskeli. Tangu Januari nimefika hapo mara tisa na binti yangu wa kidato cha kwanza, anayesoma shule ya kutwa. Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu ambao shule zinataka watoto wa kike wawe na nywele fupi, nao hawajui wawapeleke wapi.

Niseme kwanza kwa nini nilihangaika kutafuta kinyozi, wakati kila mtaa una watatu. Shule ya msingi binti yangu alinyolewa miaka saba na yeyote mwenye mashine. Akiwa darasa la sita, Jumatatu moja, mwalimu wa zamu alipita mstarini na mkasi. Nywele za mwanangu zilikuwa na wiki tatu. Akakatwa njia moja, kuanzia kwenye paji la uso hadi utosini, akaambiwa akamalizie kwao. Alikaa darasani kutwa nzima na ile njia. Aliporudi alikuwa amejifunga sweta kichwani, jua la saa tisa linawaka, na hata alipoingia ndani hakutaka kulivua. Usiku nikamnyoa mwenyewe kwa wembe. Mikono ilikuwa inanitetemeka kwa hasira, nikamkata juu ya sikio la kushoto. Kovu lipo mpaka leo.

Alipomaliza mtihani wa darasa la saba, Septemba, alipata kitu ambacho hajawahi kukipata: miezi minne bila shule, na bila mtu wa kumkagua kichwa. Nywele zikaota. Krismasi tulikuwa Matombo kwa bibi yake, na bibi akamkalisha kwenye mkeka, akamsuka twende kilioni, mistari minane myembamba iliyolala vizuri. Mtoto wa miaka kumi na mitatu, ndiyo mara yake ya kwanza kusukwa. Alikuwa anapitisha kidole kwenye mistari hata akiwa anakula.

Kisha ikaja fomu ya kujiunga na shule. Kuhusu nywele imeandikwa mstari mmoja tu: ziwe fupi na safi wakati wote.

Nilimleta hapa wiki ya kwanza ya Januari akiwa bado na misuko yake. Kinyozi ni kijana, hajafika miaka thelathini. Kitu cha kwanza kilichonifanya nikae badala ya kuondoka ni kwamba swali lake hakuniuliza mimi. Alimgeukia binti.

"Mdogo wangu, shule wamesema namba ngapi?"

Binti akaniangalia. Nikatoa fomu kwenye mkoba. Kijana akaisoma yote, akairudia ile sehemu ya nywele.

"Hapa wameandika fupi. Fupi siyo kipara."

Akachukua vitana vya mashine, akaviweka kimoja kimoja kwenye kiganja cha binti. Namba moja inaacha milimita tatu. Namba mbili inaacha sita. Bila kitana mashine inakwenda hadi kwenye ngozi. Akamwambia avigusie kwenye kidole aone urefu wenyewe. Binti akachagua namba mbili. Halafu kijana akampa kitana cha mkia akamwambia afumue misuko yake mwenyewe, taratibu, hakuna anayemkimbiza. Ilimchukua kama dakika ishirini na watu tulikuwa tumejaa benchini. Yule kijana akaendelea kunyoa mtoto mwingine, hakumgusa mpaka msuko wa mwisho ukafunguka. Nimewahi kuona saluni ambako mkasi unapita chini ya misuko ikadondoka mizima kama mikia, mtoto analia na mama anaambiwa ni kuokoa muda.

Usafi nilimkodolea macho, maana mwanangu mdogo alishapata mapunye kwenye kibanda kingine, na atakayeyapata atajua kwamba kupaka mafuta hakusaidii. Mapunye ni fangasi, wanaingia hadi kwenye shina la unywele, na daktari alitupa vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa. Huyu kijana anaanza kwa kupiga brashi mashine mpaka nywele za aliyetangulia ziishe kabisa kwenye meno, anafuta mafuta, ndipo anapaka spiriti na kuiacha ikauke yenyewe. Utaratibu huo ndio wenyewe: spiriti haiwezi kufanya kazi pale palipofunikwa na nywele. Vibanda vingi vina kale kakabati kenye taa ya buluu, mashine inatupwa humo ikiwa na uchafu wake, na mteja anaamini taa imemaliza kila kitu. Mwanga unafika pale tu unapopaona. Hapa hakuna kakabati, kuna chupa ya spiriti na pamba, na kwangu hiyo inatosha. Kitambaa cha kujifunikia anakikung'uta lakini hakibadilishi kwa kila mtu, kwa hiyo mimi naenda na khanga yangu. Nenda na yako.

Siku ile benchini kulikuwa na mjadala, na umenikaa kichwani kuliko hata huduma. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa amemleta mjukuu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaona fomu mkononi mwangu na mazungumzo yakaanzia hapo. Yeye anaunga mkono kunyoa, na hoja zake ni nzito. Alisema darasa likiwa na watoto mia, wote vichwa vimenyolewa, huwezi kumjua mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mama ntilie. Ukiruhusu kusuka, alisema, mmoja atakuja na rasta za elfu thelathini na mwingine hana hata wa kumsuka, na asubuhi maji ya shida. Kwenye usawa nakubaliana naye. Ila hesabu nilimpigia palepale: shilingi elfu moja kila wiki mbili, kwa watoto watatu, na muhula ni mrefu. Kunyoa nako ni gharama. Twende kilioni ya bibi haina gharama na inakaa wiki mbili hizohizo.

Dereva wa bodaboda aliyekuwa anasubiri, mwenye rasta zake mwenyewe, akaleta kesi ya Kenya. Ni kesi ya kweli. Januari 2019 binti wa Kirastafari alirudishwa nyumbani na shule yake kwa sababu ya nywele zake, na Septemba mwaka huohuo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akaamua kwamba shule ilikosea, kwa kuwa nywele zile ni sehemu ya imani yake. Malawi nako, Mei 2023, Mahakama Kuu iliyoketi Zomba iliagiza shule za serikali zipokee watoto wa Kirastafari na nywele zao. Mwalimu akajibu kwamba hizo ni kesi za dini, na huyu binti hapa siyo Mrastafari.

Hapo nikamwambia jambo langu, na nalirudia hapa kwa sababu ndilo linaloniuma. Binti yangu hana dai la dini. Kunyoa tunakubali, tumekuja kunyoa. Ninachokikataa ni ule mkasi wa mstarini. Nchi hii hata kiboko kina kanuni, za mwaka 2002: visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike pale alipo, na adhabu iandikwe kitabuni. Mkasi ule uliandikwa kitabu gani? Nani aliupa kibali? Mwalimu yule alimkata mwanangu mbele ya shule nzima na hakuna karatasi popote inayoonyesha kwamba jambo hilo lilitokea. Mzee alinyamaza muda. Kisha akasema na yeye alishafanya hivyo, miaka ya nyuma, na hakuwahi kufikiria mtoto anarudije nyumbani na kichwa kile. Aliyasema kwa sauti ya chini, anamwangalia mjukuu wake.

Zamu yetu ilipofika, kijana alianzia kisogoni, akiinamisha kichwa cha binti kwa vidole viwili. Alipofika juu ya sikio la kushoto akasimamisha mashine. Ameliona kovu. Akamuuliza linauma? Binti akasema haliumi. Akazungusha mashine taratibu pale, akaliachia nywele kidogo zaidi ya kwingine ili lisionekane. Hakuniuliza lilitoka wapi, wala mimi sikuwa na nguvu ya kusema.

Kasoro zipo. Wiki ya kufungua shule nilikaa saa mbili na nusu, na hakuna namba wala daftari la foleni, anayejua kusukumana anatangulia. Kiti kinatazama uchochoroni, kila apitaye anachungulia, na kwa msichana siku kama ile pazia lingesaidia sana. Nimemwambia, amesema atatundika, mpaka leo hajatundika. Runinga ya mpira ina sauti kubwa mno. Umeme ukikatika anatumia mashine ya chaji ambayo ikikaribia kuisha inavuta nywele, kwa hiyo siku hiyo bora ugeuze urudi nyumbani. Bei ni elfu moja kwa mwanafunzi, elfu mbili kwa mtu mzima, na ukitaka kuoshwa unaongeza mia tano, maji ya baridi.

Shuleni kulitokea kitu kidogo mwezi wa pili. Mwalimu mmoja alimwambia binti nywele zimezidi. Nilienda na kile kitana cha namba mbili, kijana aliniazima, nikauliza kwa adabu: fupi ni ngapi? Mwalimu wa malezi, mama mmoja mtulivu, alikishika, akakipima kwa rula, akasema sita haina shida. Akaandika nyuma ya daftari la binti: "Namba 2, kila wiki mbili," akatia saini. Tangu hapo hajaguswa. Sielewi kwa nini fomu ya kila shule isiandike hivyo tangu mwanzo, milimita kadhaa, ili mzazi, kinyozi na mwalimu wa zamu wawe na kipimo kimoja.

Likizo ya Juni tulirudi pale. Nywele zilikuwa na wiki nne, zimeanza kujikunja. Nilikuwa nafungua mdomo niagize kama kawaida, binti akanitangulia. "Kaka, leo punguza pembeni tu, juu niachie. Tunafungua Julai." Kijana akaniangalia mara moja. Nikaenda kukaa benchini.